Ukirithi vyombo vya fedha vya Kiingereza, soma mihuri kabla hujauza

Mama mkwe wangu alipofariki, wifi yangu aliniletea sanduku la mbao lenye kitambaa cha kijani ndani, limejaa vijiko na uma, kibanio cha sukari na sinia moja dogo lenye miguu mitatu, vyote vyeusi kama vimening'inizwa juu ya moshi. Akaniambia mama alitaka uchukue wewe. Nimeolewa huku Uingereza miaka mingi lakini vyombo vile nilikuwa naviona Krismasi tu, sikuwahi kujua ni vya lini wala vilitoka kwa nani. Nikavipeleka kwenye duka moja la vitu vya zamani, yule jamaa hakugeuza hata kijiko kimoja, akavimwaga vyote kwenye mizani kama anapima mchele, akanitajia bei ya fedha ya kuyeyusha. Nilirudi navyo nyumbani nimefura kwa hasira, na hio hasira ndo iliyonifanya nikae chini nijifunze haya ninayoandika hapa.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Ile mihuri midogo nyuma ya kijiko ambayo wengi tunaona ni mapambo, kila mmoja una kisa chake, na ukifuatilia unakuta kuna mtu alidanganya au serikali ilikuwa inatafuta kodi. Ukishajua kwa nini muhuri fulani uliwekwa na mwaka gani uliwekwa, unaweza kukaa mezani na simu yako na lenzi ndogo ukasoma chombo kwa kupunguza tu, hiki hakiwezi kuwa kabla ya mwaka fulani, hiki hakiwezi kuwa baada ya mwaka fulani, mpaka unabaki na jibu moja. Kukariri majedwali sio lazima.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tukisema fedha tunamaanisha madini na tunamaanisha hela, neno ni hilo hilo, limetufikia kutoka kwa Waarabu ambao kwao ni yale madini meupe. Waingereza wa zamani nao waliishi hivyo hivyo kwa vitendo. Sarafu zao zilikuwa za fedha, pauni yao ilianza kama ratili ya fedha iliyotoa peni 240, na mwenye nacho alikuwa anampelekea sonara sarafu zake ziyeyushwe atengenezewe vikombe na masinia, siku akikwama vinayeyushwa tena vinarudi kuwa hela. Yaani kijiko kilikuwa akiba ya nyumba, kama bangili za bibi. Sasa akiba ikichanganywa shaba nyingi bila mwenyewe kujua, huyo kaibiwa mchana kweupe, na kwa macho huwezi kugundua kabisa.

Ndio maana mwaka 1300 mfalme Edward wa kwanza akatoa sheria kwamba chombo cha fedha kisitoke mkononi mwa sonara mpaka kipimwe, na kikifaulu kigongwe muhuri wa kichwa cha chui. Kiwango kilikuwa kile kile cha sarafu, sehemu 925 za fedha katika kila 1000, zinazobaki ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa kazi ya kila siku. Hicho ndicho kiwango cha sterling tunachokisikia mpaka leo. Mwaka 1363 ikaongezwa kwamba kila sonara awe na alama yake, ili kazi mbovu ijulikane imetoka karakana ya nani. Mwaka 1478 masonara wa London wakaanza kupimia vyombo kwenye ukumbi wa chama chao, Goldsmiths' Hall, na neno holimaki limetoka hapo, alama ya ukumbini. Kwa wakati huo huo ikaingia herufi ya mwaka, na nataka ujue lengo lake halikuwa kutusaidia sisi warithi wa baadaye, ilikuwa kumbana mpimaji mwenyewe, chombo kikija kugundulika kibovu herufi inasema nani alikuwa zamu. Alafu mwaka 1544, enzi za Henry wa nane ambaye wakati ule alikuwa anachakachua sarafu za nchi yake kwa shaba, akaingia simba anayetembea, na simba ndio amebaki shahidi wa kiwango cha 925 kwa Uingereza.

Kwa hiyo kwa kawaida unakuta mihuri minne na kila mmoja unajibu swali lake: simba anasema madini ni sahihi, muhuri wa mji unasema kimepimwa wapi, herufi moja peke yake inasema mwaka gani, na herufi mbili au tatu za jina zinasema nani alikipeleka kupimwa. Kuna wa tano wa kodi, nitaufikia. Mpangilio wake usikusumbue, leo simba yuko mwanzo kesho yuko katikati, haina maana yoyote.

Kabla ya kusoma, tafadhali usisugue. Najua unatamani king'ae, mimi mwenyewe mkono uliniwasha, lakini dawa ya meno na sifongo la sufuria vinakula ile mihuri, na muhuri uliofutika haurudi. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini vinatosha kwa siku ya kwanza. Kaa karibu na dirisha, washa tochi ya simu lakini usiielekeze moja kwa moja, ilaze pembeni ili mwanga upite chini chini juu ya chuma, utaona kivuli kinajaa kwenye michoro na simba anatokea. Ukipuliza pumzi ya moto kidogo ndo inaonekana vizuri zaidi. Kwenye kijiko tafuta nyuma ya mpini, kwenye kibanio tafuta upande wa ndani wa mikono yake, buli na jagi tazama chini au karibu na ukingo, na kama kina kifuniko angalia na kifuniko, maana kwa kawaida nacho kinatakiwa kiwe na muhuri wa simba na wa fundi. Kifuniko kisicho na kitu chochote huenda kimetoka kwingine.

Anza na simba. Simba wa Kiingereza anatembea kuelekea mkono wako wa kushoto, mguu mmoja wa mbele umenyanyuliwa. Hili ni dogo lakini limeokoa watu wengi, kwa sababu kuna kampuni kubwa ya Marekani, Gorham ya Rhode Island, iliyokuwa inapiga simba, nanga na herufi G, mtu akiona nanga anasema hii ni Birmingham hii, kumbe simba wao anatazama kulia na kitu kimevuka bahari ya Atlantiki. Kwa ujumla ukikuta neno STERLING limeandikwa lote kwa herufi, uwezekano mkubwa ni Marekani, maana vyombo vya England vilitegemea simba, havikuhitaji kuandika neno. Mafundi wa China nao, waliokuwa wanatengeneza vyombo vya kuwauzia Wazungu bandarini, waligonga mihuri ya kufanana na ya London, na Wajerumani wa mji wa Hanau walifanya hivyo hivyo kwa kubuni. Vingi kati ya hivyo ni fedha nzuri na vina soko lake, ila sio vya Kiingereza.

Muhuri wa mji. London ni kichwa cha chui, na hapa kuna zawadi: kuanzia 1478 chui huyo alivaa taji, na mwaka 1821 akavuliwa, toka hapo mpaka leo kichwa ni kitupu. Kwa hiyo jicho moja tu linakupa nusu ya jibu. Birmingham ni nanga, Sheffield ilikuwa taji mpaka 1974 alafu ikawa waridi. Miji hii miwili ilipata ofisi zake mwaka 1773 baada ya Matthew Boulton, mwenye kiwanda Birmingham, kulishinikiza bunge, kwa sababu kabla ya hapo mzigo wake ulikuwa unasafirishwa hadi Chester kupimwa, barabara zenyewe za wakati ule mashimo, vyombo vinarudi vimebonyea. Kuna simulizi kwamba watu wa miji hiyo miwili walikuwa wanakutana kwenye baa moja ya London iliyoitwa Crown and Anchor, taji na nanga, na kwamba walirusha sarafu kugawana alama. Wengine wanasimulia hivyo, ushahidi wa maandishi ni mdogo, ila jina la baa ni la kweli. Miji mingine imeshafunga ofisi zake: Exeter ngome yenye minara mitatu, ilifungwa 1883, Newcastle ngome tatu, ilifungwa 1884, York ilifungwa 1858, na Chester iliyokuwa na upanga katikati ya miganda ya ngano ilifungwa 1962. Vyombo vya York na Newcastle mara nyingi vinatafutwa na wakusanyaji kwa sababu ni vichache, usivichanganye kwenye fungu la kuuza kwa kilo. Uskoti ina mambo yake, Edinburgh inapiga ngome na zamani iliongeza ua la mbigili, na Dublin ni kinubi chenye taji, hizo ni habari nyingine kabisa.

Herufi ya mwaka ndio inayochanganya watu kuliko kitu chochote, na naelewa kwa nini. London walitumia herufi 20 tu, A mpaka U, J wakairuka, zikiisha wanaanza upya kwa mwandiko tofauti, mara kubwa, mara ndogo, mara ule mwandiko wa kizamani wenye mikia kama wa Biblia za zamani. Kwa hiyo kila herufi inarudi kila baada ya miaka 20. Mizunguko ya London ilianza 1736, 1756, 1776, 1796, 1816, 1836, 1856, 1876, 1896, ukikumbuka hio ngazi ya miaka 20 umemaliza kazi kubwa. Na mwaka wenyewe haukuanza Januari, kwa karne nyingi herufi ilibadilishwa mwezi wa tano, ndo maana wataalamu wanaandika 1825/26. Tangu 1975 ofisi zote zinabadilisha tarehe 1 Januari. Birmingham walitumia karibu alfabeti nzima, mizunguko yao ni ya miaka 25 hivi, na Sheffield mpaka 1824 walikuwa wanachomoa herufi bila mpangilio, huko hakuna ujanja, fungua jedwali. Na usiangalie herufi peke yake, angalia na umbo la fremu iliyoizunguka, pembe zake zimekatwa au zina duara, chini kuna ncha au hakuna, maana herufi mbili zinazofanana za miaka tofauti mara nyingi zinatofautishwa na fremu.

Sasa ule muhuri wa tano. Mwaka 1784 serikali ya William Pitt ilikuwa na madeni ya vita vya Marekani, ikaweka kodi ya peni 6 kwa kila aunsi ya fedha, na kuonesha kodi imelipwa kikagongwa kichwa cha mfalme aliyepo, kimetazama pembeni. Kodi hio ilikaa mpaka 1890 ikafutwa. Kwa hiyo ukiona kichwa cha binadamu kwenye chombo cha Kiingereza, karibu kila mara uko kati ya Desemba 1784 na 1890, ukiacha mihuri michache ya sherehe za kifalme, kama jubilei na kutawazwa, iliyokuja baadaye. Tena wafalme waliotazama kulia ni George wa tatu kuanzia 1786, George wa nne na William wa nne, na Malkia Victoria yeye anatazama kushoto. Kwa mwaka na nusu hivi wa mwanzo tu, mpaka 1786, kichwa cha George kilichongwa kwa kuzama ndani badala ya kuinuka na kilitazama kushoto, ukikipata hicho kimbie kwa mtaalamu.

Ngoja nikuoneshe kwa vijiko vyangu. Cha kwanza kilikuwa na simba anayekwenda kushoto, sawa, ni 925 ya England. Kichwa cha chui kisicho na taji, sawa, London na ni baada ya 1821. Kichwa cha mfalme kinatazama kulia, sawa, Victoria bado hajaingia, naye alipokea kiti 1837. Yaani hata herufi sijaitazama na tayari nimebanwa kwenye miaka kama 16. Nikaja kwenye herufi: k ndogo. Mzunguko wa 1816 ulikuwa wa herufi ndogo, nikahesabu vidoleni a ni 1816, b 1817, naenda naruka j, k inaangukia 1825. Nililia, sitadanganya. Kijiko nilichokuwa nakorogea chai kilipimwa pale ukumbini London George wa nne akiwa hai.

Vijiko vilikuwa sita lakini vitano tu ndio vilikuwa hivyo. Cha sita umbo ni lile lile, uzito karibu sawa, ila kina nanga, simba, herufi d, na hakuna kichwa cha mtu yeyote. Nanga ni Birmingham. Hakuna kichwa, basi ni kabla ya 1784 au baada ya 1890, na mpini wa umbo la fidla kama ule ulikuwa nadra sana England kabla ya 1784, ulishika kasi miaka ya 1800 na kuendelea. Birmingham walianza mzunguko mpya kwa a mwaka 1900, kwa hiyo d ni 1903. Maana yake kuna mtu kwenye ule ukoo alipoteza kijiko, au kilitupwa na maganda ya viazi, na miaka karibu 80 baadaye mwingine akaenda kuagiza cha kuziba pengo. Nilipomwambia wifi alikumbuka bibi yao alikuwa anasema kimoja ni mgeni, hakuna aliyewahi kumuelewa alikuwa anamaanisha nini.

Njia hii inafanya kazi pande zote. Chukulia umepata jagi la maziwa lenye simba, chui mwenye taji, herufi h ndogo, hakuna kichwa cha mfalme, na HB kwa mwandiko wa mkono uliojikunja. Hakuna kichwa, na chui ana taji, kwa hiyo upande wa baada ya 1890 umefungwa, lazima iwe kabla ya 1784. Mzunguko ulioanza 1776 ulikuwa wa herufi ndogo, h ni ya nane, ni 1783. Na HB ya mwandiko huo ni Hester Bateman, mjane aliyerithi vifaa vya mume wake, akasajili alama yake London mwaka 1761, akaendesha karakana na wanawe mpaka alipostaafu 1790.

Nimtaje na mwingine kwa sababu vijiko vyangu vinamhusu. Herufi zake ni WC, na WC walikuwa wengi kwenye madaftari, kinachoamua ni umbo la fremu, kama kuna nukta katikati, na aina ya kazi. Mimi nililinganisha mwaka na kazi ikaangukia kwa William Chawner, fundi mkubwa wa vijiko na uma London. Alipofariki mwaka 1834 mjane wake Mary akasajili alama yake mwenyewe, MC, akaendelea na biashara. Wajane hawa wanastahili kutajwa, sheria ya wakati ule haikuwapa wanawake nafasi nyingi za kushika kazi kwa jina lao na daftari la masonara ni moja ya sehemu chache unazowakuta wameandikwa. Jambo la kuzingatia tu, alama ya jina ni ya mwenye karakana au mfanyabiashara aliyepeleka mzigo kupimwa, sio lazima awe ndiye aliyeshika nyundo. Nyuma ya HB kulikuwa na mikono mingi ambayo hatutaijua majina.

Kuna kipindi kimoja ambacho simba na chui hawapo kabisa na watu wanadhani chombo ni feki. Mwishoni mwa miaka ya 1600 watu walikuwa wanakata kingo za sarafu na kuziyeyusha, masonara wananunua vipande hivyo wanatengeneza vyombo, kwani kiwango si ni kile kile, fedha ni fedha. Nchi ikaanza kukosa chenji. Serikali ikaamua kuanzia tarehe 25 Machi 1697 vyombo viwe safi kuliko sarafu, 958 kwa 1000, ili sarafu ikiyeyushwa isifae moja kwa moja, na ili kutofautisha wakaweka muhuri wa mwanamke aliyekaa, Britannia, pamoja na kichwa cha simba kilichochanika shingoni. Jina la fundi nalo likawa herufi mbili za mwanzo za ukoo wake. Sheria ikalegezwa 1720, ila kiwango hicho kimebaki kwa hiari mpaka leo, kwa hiyo Britannia peke yake haikuhakikishii kwamba ni cha zamani, rudi kwenye herufi.

Sasa vile ambavyo sio fedha, na kwenye masanduku ya urithi viko vingi, hata kwangu vilikuwemo. Mwaka 1743 hivi Thomas Boulsover wa Sheffield aligundua namna ya kubandika bamba la fedha juu ya shaba kwa moto na kuvibapa pamoja, vyombo hivyo vina heshima yake, utavijua pale kingo zilipolika na wekundu wa shaba unachungulia. Alafu mwaka 1840 familia ya Elkington wa Birmingham wakapata hataza ya kuchovya chombo kwenye dawa na kukipitishia umeme mpaka kivae utando wa fedha. Hivyo vya kuchovya ndio vimejaa kila mahali, na viwanda vilipenda kuvigonga herufi ndani ya vifremu vidogo vilivyopangwa mstari ili mtu akiangalia haraka aone holimaki. Soma herufi zenyewe: EPNS, EP, A1, hizo zote ni za kuchovya, chini yake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Baadhi waligonga hata taji mpaka wakakatazwa mwaka 1896 kwa sababu lilifanana na la Sheffield. Kanuni yangu ni fupi, simba hayupo na Britannia hayupo, usiite fedha ya Kiingereza mpaka aliyesomea akwambie. Sumaku haisaidii sana, fedha haivutwi lakini shaba nayo haivutwi. Na mipini ya visu na vinara vya mishumaa vingi ni ngozi nyembamba tu ya fedha, ndani wamejaza lami, usishangae uzito.

Umbo nalo ni shahidi, lazima likubaliane na herufi. Vijiko vya katikati ya miaka ya 1700 ncha ya mpini inapinda kwenda juu na jina la ukoo limechongwa nyuma, kwa sababu mezani vililazwa kifudifudi. Kuanzia miaka ya 1760 ncha ikaanza kupinda chini na maandishi yakahamia mbele. Mpaka miaka ya 1780 hivi mihuri ilipigwa chini kwenye shingo ya mpini, karibu na bakuli, mara nyingi imebanwa na kupotoka kwa nyundo ya baadaye, ikaja kuhamia juu karibu na ncha. Kijiko chenye herufi ya 1750 na umbo la 1850 kina maswali ya kujibu.

Na maswali yapo, maana watu walianza kudanganya zamani. Kati ya 1720 na 1758 kulikuwa na kodi nyingine ya peni 6 kwa aunsi, baadhi ya masonara wakawa wanapeleka kitu kidogo kupimwa, kikirudi wanakata kile kipande chenye mihuri wanakilehemu chini ya buli kubwa ambalo halijalipiwa. Pulizia pumzi chini ya buli la miaka hiyo, mstari wa kulehemu unajitokeza kama duara hafifu kuzunguka mihuri. Katikati ya karne hio kughushi mihuri kulikuwa na adhabu ya kifo na bado watu walighushi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 London ilishtuka na kesi ya Lyon na Twinam waliokuwa wanagonga mihuri ya kubuni ya miaka ya 1700 kwenye vyombo vipya. Vijiko vya kumiminwa kwenye kalibu unavijua kwa kuviweka sambamba, mkwaruzo ule ule, pale pale, kwenye kila kijiko, na mihuri yenye kingo laini kama sabuni iliyotumika. Na kama chombo kizima kimelika lakini mihuri ni mikali kama ya jana, simama hapo. Kuna na ambavyo sio wizi lakini vimebadilishwa, vijiko vikubwa vya kawaida vya miaka ya 1700 ambavyo enzi za Victoria vilifinyangwa matunda kwenye bakuli na kupakwa dhahabu, mihuri ni ya kweli, mapambo ni ya miaka 100 baadaye. Ukiwa na wasiwasi ofisi za kupima bado zipo nne, London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh, na Goldsmiths' Hall wana kamati ya kuchunguza vyombo vya zamani vyenye utata.

Nimebakiza lile sinia dogo. Nilipoligeuza, pembeni ya mihuri niliona namba zimekwaruzwa kwa ncha ya sindano, hafifu mno, 8 na 6 na alama juu ya kila moja. Nilidhani mtoto kachezea. Kumbe ni uzito, sonara aliuandika siku ya kwanza, aunsi 8 na peniweti 6, aunsi yao ni gramu 31.1 na peniweti 20 ni aunsi moja. Ukipiga hesabu ni gramu 258. Kama lingekuwa zito kuliko hapo maana yake kuna kitu kimeongezwa, kama lingekuwa jepesi sana kuna kitu kimekatwa. Nikachukua mizani ya jikoni ninayopimia unga wa maandazi, nikaipangusa vizuri, nikaliweka katikati. Gramu 254. Gramu 4 zimeondoka na vitambaa vya wanawake wote waliolisugua kabla yangu, akiwemo mama mkwe, kila mwaka siku moja kabla ya Krismasi, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kwa sababu alisema mwanga wa pale ndio mzuri.